Mtoto hajambo, mama je?

Mlango wa jirani yangu huku Mbagala una makomeo matatu. La kwanza ni la kawaida, la pili liko usawa wa kifua, la tatu limegongomelewa juu kabisa, hata mwenyewe hulifikia kwa kuchuchumia. Mwanawe ana miaka saba, ana usonji, na komeo la pili alijifunza kulifungua kabla hajatimiza sita. Akitoka usiku haogopi giza wala gari, na ukimwita haitiki. Basi mama hulala jicho moja, sikio likiwa mlangoni.

Wanaokuja kumsalimia huuliza, "Mtoto kashaanza kusema?" Sijasikia aliyemuuliza yeye amelala saa ngapi. Nami simo katika waliouliza. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka miwili.

Watoto wengi wenye usonji husumbuliwa na usingizi. Huyu huamka saa nane usiku, akapanga vizibo vya soda sakafuni, mstari mmoja kutoka kitandani hadi jikoni. Ukisogeza kimoja, kilio chake huamsha nyumba nzima. Saa kumi na moja mama anatakiwa awe sokoni kuchukua nyanya za genge lake. Hesabu mwenyewe saa alizopumzika.

Juu ya uchovu huo kuna lawama. Siku moja tulipanda naye daladala, honi ikalia, mtoto akaziba masikio na kupiga mayowe. "Mama, huyo umemdekeza," akasema abiria wa kiti cha nyuma, kwa sauti ya kusikika na wote. Nyumbani mawifi wanasema ni mapepo. Abiria na mawifi hawajuani, lakini mshitakiwa wao ni mmoja.

Wala lawama hii si ya uswahilini peke yake. Leo Kanner, daktari wa watoto wenye matatizo ya akili huko Marekani, alipoueleza usonji mwaka 1943 aliandika pia kwamba wazazi wengi aliowaona hawakuwa na bashasha kwa watoto wao. Kutokana na maneno ya namna hiyo likazuka jina baya la "mama friji", naye Bruno Bettelheim akalitia nguvu wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Ajabu ni kwamba miaka mitatu kabla yake, Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alishaandika kuwa chanzo kimo katika ubongo na si katika ubaridi wa mama. Leo wataalamu wanakubali kuwa malezi hayasababishi usonji, na kwamba urithi wa vinasaba una sehemu kubwa. Habari hiyo bado haijapanda daladala letu.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa makuzi na usonji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Humo mzazi hufundishwa kucheza na kuzungumza na mtoto, na pia kujitunza mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Ila kikao kinahitaji mtu wa kubaki na mtoto, na hapo ndipo akina mama wengi wanapokwama. Baba? Huyu yupo, hurudi usiku na kula kimya. Siamini kuwa haumii.

Jumamosi iliyopita nikamwambia, "Dada, niachie mtoto, nenda popote." Akasita, akanionyesha komeo la juu, akaenda saluni. Mimi na mtoto tulipanga vizibo, sikugusa hata kimoja. Baada ya dakika arobaini akarudi mbio, kichwa kimesukwa upande mmoja tu.

"Nimeshindwa kukaa," akasema, akitafuta mtandio. "Huo mwingine nitamalizia Jumamosi, kama utakuwepo."

Nimemwambia nitakuwepo.