Breki Isiyosimamisha Mzigo

Kontena la futi 40 likijaa huweza kufikia tani 30. Tangu bandari ya Lamu ifungue gati lake la kwanza huko Kililana tarehe 20 Mei 2021, mizigo ya namna hiyo hupandishwa na kushushwa kwa kreni, na mtazamaji hudhani kinachoizuia isianguke ni breki. Sivyo. Mzigo ukiwa mwendoni, breki imefunguka kabisa. Mota ndiyo inayoubeba, na mota hiyo hiyo ndiyo inayoupunguza mwendo hadi utulie. Breki huja baadaye, kushika kilichokwisha simama.

Mantiki hiyo hiyo imo ndani ya mota ndogo za sevo, zile zinazoendesha mashine za kuchonga mbao kwa kompyuta. Seremala wa Lamu anayefikiria kuweka mashine kama hiyo kando ya patasi zake aanze kwa kuuliza habari za mhimili wa wima, ule unaopandisha na kushusha kichwa cha kuchongea. Mihimili ya mlalo umeme ukikatika hubaki ilipo. Huu wa wima una uzito wake, na usiposhikwa utateremka juu ya mbao.

Ndiyo maana breki ya kushikilia hutengenezwa kinyume na matarajio ya wengi: umeme hauifungi, huifungua. Springi, au sumaku ya kudumu, hubana sahani ya msuguano muda wote. Koili ikipata umeme, kwa kawaida volti 24, hushinda nguvu hiyo na kuiachilia sahani izunguke. Dereva wa lori aliyewahi kungoja hewa ijae kwenye mtungi kabla ya kung'oa gari anaijua tabia hii, kwani breki ya maegesho ya lori lake nayo hufungwa na springi. Kwa Lamu faida yake ni dhahiri. Umeme wa gridi hufika kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, na umeme hukatika bila kubisha hodi.

Hatari kubwa imejificha kwenye makabidhiano. Breki haifungi papo hapo. Huchukua makumi ya milisekunde. Kitu kikianguka bila kizuizi kwa milisekunde 30 hushuka zaidi ya milimita 4, na kwa milisekunde 100 karibu sentimita 5. Msuguano wa mashine hupunguza kiasi hicho, lakini kwenye nakshi ya mlango milimita 2 tu ni hasara. Kwa hiyo draivu, kile kifaa kinachoiongoza mota, hupangiwa utaratibu. Wakati wa kusimama, mota hufikisha mwendo kwenye sifuri, breki huamriwa ifunge, na mota huendelea kubeba mzigo hadi breki iwe imeshika kweli. Hapo tu ndipo mota huachia. Wakati wa kuanza, mota hujenga nguvu kwanza, kisha breki hufunguliwa. Mafundi wengi huacha muda huo kama ulivyotoka kiwandani, na mimi naona huo ni uzembe. Hata dayodi iliyofungwa kwenye koili kuzuia cheche huchelewesha breki kufunga, kwa hiyo muda upimwe kwenye mashine yenyewe.

Kitufe cha dharura kikibonyezwa, au umeme ukikatika, mota ikiwa mbioni, breki huweza kulazimika kusimamisha. Hilo inaliweza, lakini kwa idadi yenye kikomo, na kila mara sahani hulika. Anayezima mashine kila jioni kwa kitufe cha dharura kabla haijasimama huenda anaimaliza breki pole pole bila kujua.

Kasoro nyingine hujificha kwenye waya. Waya mrefu na mwembamba hula volti; breki hufunguka nusu, ikaburuza, mota ikapata joto na draivu ikalalamika kwamba mzigo umezidi. Mota nzima hutolewa ikanunuliwa nyingine, ilhali tatizo lilikuwa waya. Hewa ya chumvi hushambulia viunganishi, na mafuta yakivuja kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye sahani, breki huteleza hata ikiwa mpya.

Kuipima si kazi kubwa. Mashine ikiwa imesimama na breki imefungwa, mota huamriwa isukume dhidi ya breki kwa kiasi kinachozidi mzigo, huku enkoda, kifaa kinachosoma mzunguko wa mota, ikitazamwa kama shafti imesogea. Draivu nyingi za kisasa zinaweza kufanya jaribio hilo zenyewe. Shafti ikisogea, mashine isitumike hadi breki ibadilishwe. Na hata ikifaulu, kabla ya mtu kuingiza mkono chini ya mhimili wa wima, kichwa kishushwe hadi chini au kiwekewe gogo la kukiegemeza.