Mechi 1 ya John Nagenda

Katika daftari za kriketi ya kimataifa, mbele ya jina la John Nagenda wa Uganda imeandikwa mechi 1. Aliicheza tarehe 7 Juni 1975 katika uwanja wa Edgbaston, mjini Birmingham, timu ya Afrika Mashariki ilipokutana na New Zealand katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume la mchezo huo. Baada ya siku ile hakuitwa tena. Wapenzi wa kriketi wana desturi ya kuwakusanya watu wa namna hii katika orodha, na wengi huisoma kama orodha ya waliojaribiwa wakaonekana hawafai. Naona usomaji huo ni wa makosa, na unawaonea watu. Hiyo 1 inatuambia machache juu ya mkono wa mchezaji, na mengi juu ya mlango alioupitia: nani aliufungua, na ulikaa wazi kwa muda gani.

Msomaji wa Yahuma au Kisangani, ambako mpira maana yake ni wa miguu, anahitaji maelezo kidogo. Katika kriketi mrushaji hurusha mpira, na mpigaji huupiga kwa ubao wenye mpini, kisha hukimbia kati ya vijiti vya upande huu na vya upande ule ili ajipatie mikimbio. Mipira 6 ni ova moja, na katika kombe lile kila timu ilipewa ova 60. Nagenda alirusha ova 9. New Zealand walipata mikimbio 50 kutoka kwake, naye akamtoa mpigaji mmoja. Jumla wapinzani walifikisha 309, na Glenn Turner peke yake alipiga 171 bila kutolewa, idadi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikia katika mechi za kimataifa za siku moja hadi siku hiyo. Afrika Mashariki walijibu kwa 128. Siku nne baadaye India iliwashinda bila kupoteza mpigaji hata mmoja, na tarehe 14 Juni Uingereza ikawatoa wote kwa mikimbio 94. Safari ikaishia hapo.

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Timu ile, iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah, haikucheza tena mechi yoyote yenye hadhi kamili ya kimataifa. Miaka ya baadaye ilishiriki mashindano ya kufuzu ya nchi wanachama wadogo wa baraza la kriketi la dunia, lakini mechi za mashindano hayo hazikuingizwa katika daftari kuu. Kwa hiyo historia yote rasmi ya timu ya Afrika Mashariki ni mechi 3. Aliyecheza zote ana 3, na aliyecheza 1 amecheza theluthi ya uhai mzima wa timu yake. Sachin Tendulkar alicheza mechi 463 za siku moja kwa ajili ya India. Ukimweka Nagenda kando yake unamlinganisha mtu aliyevuka mto na mtu aliyepewa kijito. Tunapohesabu mechi za mtu, haki inadai tuhesabu kwanza ni ngapi zilikuwepo za kuchezwa.

Wakongomani wanaielewa hali hii bila kufundishwa kriketi. Mwaka mmoja kabla ya Edgbaston, Léopards wa Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, walikwenda Ujerumani Magharibi kwa Kombe la Dunia la mpira wa miguu, wakafungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazil, bila wao kufunga bao. Katika mechi ya pili kipa Kazadi alitolewa dakika ya 21 mabao yakiwa tayari matatu, akaingia Tubilandu. Mechi ya tatu Kazadi alirudi golini. Dakika zile mbele ya Yugoslavia ndizo Kombe la Dunia lote la Tubilandu. Atakayempima kipa yule kwa dakika hizo atakuwa anapima kitu kingine kabisa, nacho ni mtafaruku uliokuwa ndani ya timu ile.

Mtu atanipinga akisema Nagenda alikuwa na miaka 37, mikimbio 50 kwa ova 9 ni mingi, na waliomwacha walikuwa na haki. Pengine walikuwa nayo. Don Pringle, aliyecheza mechi mbili zilizofuata, hakuwa chaguo la ajabu. Lakini umri huo wenyewe ni ushahidi upande wangu. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilichezwa Melbourne mwezi Januari 1971, Nagenda akiwa na miaka 32. Alipokuwa kijana mwenye kasi, mashindano ambayo yangemwandika hayakuwepo. Na mlango ulizidi kuwa mwembamba: mwaka 1972 rais Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, waliokuwa uti wa mgongo wa kriketi ya huko. Ndani ya kikosi cha 1975 Waafrika weusi walikuwa wawili tu, Nagenda na Samuel Walusimbi, wote wa Uganda.

Pingamizi zito zaidi ni la nchi kubwa: huko mechi ziko tele, kwa hiyo aliyeachwa baada ya moja hakutosha. Kwa wengi ni kweli, sibishi. Hata hivyo Andy Ganteaume wa Trinidad alipiga 112 dhidi ya Uingereza mwaka 1948, katika mechi yake pekee ya testi, yaani mechi ya kimataifa ya siku kadhaa, kwa West Indies. Wastani wake wa mikimbio ni 112, juu ya 99.94 wa Don Bradman, anayehesabiwa kuwa mpigaji bora wa nyakati zote. Ilisemwa alipiga polepole mno. Rodney Redmond wa New Zealand alipata 107 na 56 dhidi ya Pakistan mwaka 1973, na hakucheza testi nyingine. Kama mikimbio hiyo haikuwaokoa hawa, basi 1 haiwezi kuwa jina lingine la kutofaa.

Ushahidi unaonishawishi kuliko yote umetoka Uganda yenyewe. Frank Nsubuga alianza kuchezea timu za kanda hii akiwa kijana mwaka 1997, na kwa zaidi ya miaka 20 daftari kuu halikuwa na mechi yake hata moja. Kuanzia Januari 2019, kwa uamuzi wa baraza la kriketi la dunia, mechi za ova 20 kati ya wanachama wake wote zilipewa hadhi ya kimataifa. Mwaka huohuo Nsubuga aliandikwa, akiwa na miaka 38, mkubwa kuliko Nagenda alivyokuwa Edgbaston. Mkono ulikuwa uleule wa mwezi uliotangulia. Kilichobadilika ni kanuni. Juni 2024 huko Guyana, akiwa na miaka 43, alirusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea katika Kombe la Dunia, akawatoa wapigaji 2 na kuruhusu mikimbio 4 tu, na Uganda ikashinda. Nagenda, aliyezaliwa Gahini nchini Rwanda, mwandishi wa riwaya na makala za magazeti na mshauri wa rais, alikuwa amefariki Machi 2023, miezi minane kabla timu ya nchi yake haijafuzu kucheza kombe hilo.