Dagaa Wakiadimika, Mtoto Ale Nini?



Unakwenda gulioni kununua dagaa. Mwezi huu fungu ni kubwa. Mwezi ujao, kwa bei ileile, unapata fungu dogo. Je, ni tamaa ya mchuuzi? Si lazima. Huenda sababu iko baharini.

Dagaa wa Tanga na Pangani huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti sana, na wavuvi wengi hupumzika. Kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo haviendi baharini. Uhaba huo ni wa muda mfupi.

Uko uhaba mkubwa zaidi. Dagaa hutaga mayai mengi sana. Watoto wao hula vijidudu vinavyoelea majini. Chakula hicho kikipungua, wengi hufa. Tena dagaa huishi muda mfupi tu. Uzazi wa mwaka mmoja ukiharibika, hawapo wakubwa wengi wa kujaza pengo. Tukivua hata wachanga, tunazidisha hasara.

Mambo haya yametokea hata mbali. Mwaka 1970 wavuvi wa Peru, Amerika ya Kusini, walivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki wadogo kama dagaa. Mwaka 1972 bahari ilipata joto kuliko kawaida. Mwaka 1973 hawakufikisha hata tani milioni 3.

Sisi huku bara hatuwezi kuiamuru bahari. Lakini tunaweza kulinda afya ya watoto wetu. Dagaa hujenga mwili. Wakiliwa na mifupa yao, huimarisha mifupa na meno.

Tufanye nini?

1. Dagaa wakiwa wengi, nunua akiba. Chagua waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala ukungu.

2. Waweke katika chombo kikavu chenye kifuniko.

3. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, osha dagaa, wakaushe tena, twanga, chekecha. Pika unga huo ndani ya uji mpaka uive.

4. Panda kunde, mbaazi na karanga. Fuga kuku. Dagaa wakikosekana, mpe mtoto kunde zilizopondwa, yai au maziwa.

Kumbuka: mtoto anahitaji chakula cha kujenga mwili kila siku, dagaa wawepo au wasiwepo.