Ulipendwa Kabla Utrend

Wasee, tubonge ukweli. Siku hizi kila mtu mtaani anasaka kuomoka na jina. Unaposti klipu jioni, dakika tano baadaye ushaishika fon kucheki ni wangapi wamewatch. Wakiwa mob, unaskia umefika. Wakiwa wachache, unaskia ni kama ni wewe mwenyewe umekataliwa. Unaifuta, unaingia kulala, usingizi inakataa. Hiyo presha ni noma, na inamaliza vijana wetu mos mos.

Na jina yenyewe haikai. 2018 kundi la Ethic walitoka Umoja na ngoma yao Lamba Lolo, mwaka uliofuata kundi la Sailors wakaja na Wamlambez, mathree za Nairobi zikawa ni ngoma za gengetone tu. Miaka kadhaa mbele, mathree zile zile zikahamia ngoma za arbantone. Si eti hao maboyz walikosa talanta. Mafans huwa wanasonga tu, ndio venye wako. Sasa kama amani yako wameibeba wao, siku wakisonga wataenda nayo.

Hii stori ya kusaka jina ilianza kitambo kabla ya TikTok. Kuna Mwafrika anaitwa Augustino, alizaliwa 354 Thagaste, mji yenye leo ni Souk Ahras, Algeria. Mathe yake, Monika, alikuwa anamwombea bila kuchoka. Jamaa akasoma, akapanda, 384 akapata wera kubwa Milan, Italia: kufunza watu kuhutubia, na kumsifu Kaisari mbele ya wakubwa. Wasomi wa enzi hizo walikuwa wanaimezea mate hiyo kazi.

Siku moja ako njiani na mabeshte, roho inamdunda juu ya hotuba ya kumsifu Kaisari. Anajua imejaa uongo, na anajua wenye watampigia makofi pia wanajua ni uongo. Wakapita omba omba fulani amelewa, anacheka, anachapa stori. Augustino akashtuka: huyu, na vipesa vichache vya kuomba, ashapata ile raha wao wanakimbizana nayo na masomo yao yote. Hakuwa anasifu pombe, alijua ikiisha kichwani raha inaisha. Lakini aliona sifa zake pia ni ulevi, tena yake ilikuwa haimtoki hata akilala.

386 akamgeukia Kristo, akasare hiyo wera, na Pasaka ya 387 akabatizwa na Askofu Ambrosi. Baadaye akakuwa askofu wa Hippo, na jina yake ikakuwa kubwa kuliko ile alikuwa anaisaka Milan. Kwa hivyo kujulikana si dhambi. Shida ni kuihitaji ndio uskie wewe ni mtu.

Cheki Yesu kwa Marko sura ya 1. Jioni, Kapernaumu, mji mzima umejaa mlangoni, anaponya wagonjwa. Asubuhi, giza bado, ashaamka, ametoka pekee yake kuomba. Simoni na mbogi wakamsaka hadi wakampata, wakamshow kila mtu anamtafuta. Mwingine angerudi mbio kukula hizo sifa. Yesu akasema waende miji zingine, juu hiyo ndio kazi ilimleta.

Hiyo nguvu alitoa wapi? Rudi nyuma kidogo, hadi venye alibatizwa Mto Yordani. Kabla aponye mgonjwa hata mmoja, kabla apate mfuasi hata mmoja, Baba alikuwa ashamwita Mwanawe, ashasema anamfurahia. Upendo ilikuja kwanza, kazi ikafuata. Sisi tunaigeuza: tunapiga kazi ndio tupendwe, na hiyo deni haiishi.

Kwa hivyo rada ni hii. Asubuhi, kabla ushike fon, bonga na Mungu kwanza. Saka msee mmoja kanisani ama base mwenye anakujua bila makeup, mwenye unaweza mwambia umeanguka na abaki. Na kama roho imelemewa hadi hukuli wala hulali, ona kaunsela. Kuomba na kusaidiwa hazigombani.

Halafu imba, rap, chora, posti, fanya kitu kali. Mafans wakikupenda, shukuru. Wakisonga, endelea na kazi. Mwenye alikupenda kwanza hajabadilisha form.