Ashtakiwaye bila wakili ana haki ya kudai chake

Samansi ya kesi ya madai imfikiapo mfanyabiashara wa samaki katika ufuo wa Dunga, Kisumu, kosa kubwa awezalo kutenda ni kuificha akitumai mlalamishi atachoka. Sheria ya Kenya haimlazimishi kuajiri wakili, ila pia haimsubiri.

Kwa mujibu wa Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka wa 2010, mshtakiwa hupewa muda usiopungua siku 10 kuwasilisha hati ya kufika mahakamani. Muda wenyewe huandikwa kwenye samansi. Akishaiwasilisha, ana siku 14 za kuleta utetezi.

Akinyamaza, na dai likiwa la kiasi maalumu cha fedha, mlalamishi anaweza kuomba hukumu itolewe bila shahidi hata mmoja kusikizwa. Mahakama ina uwezo wa kuitengua hukumu hiyo, lakini mshtakiwa atahitaji kueleza kwa nini alichelewa, na pengine dalali atakuwa amekwisha kubisha hodi.

Hebu tuseme mwanamke ameshtakiwa kwa Sh100,000, salio la bei ya injini ya boti. Injini iliharibika wiki ya pili, naye akatumia Sh60,000 kuitengeneza. Kuandika tu kwamba anakanusha yote hakutamfaa. Utetezi hujibu kila dai la mlalamishi, na baada yake, katika hati iyo hiyo, huja madai yake kinzani: injini ilinunuliwa lini, iliharibika vipi, anadai kiasi gani.

Madai hayo huambatanishwa na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa sahihi, pamoja na nakala za stakabadhi. Taarifa ya fundi na ujumbe wa M-Pesa vina uzito kuliko malalamiko marefu. Hasara ya safari za uvuvi zilizokosekana ni ngumu zaidi kuithibitisha iwapo hakuna daftari la mauzo.

Madai kinzani ni kama kesi kamili. Mlalamishi akiondoa kesi yake, au ikitupiliwa mbali, ya mshtakiwa yaweza kuendelea. Ndiyo maana nayo hulipiwa ada. Karani wa masjala hueleza ada hizo na namna ya kuwasilisha hati kwa mtandao, ila si kazi yake kumtungia mtu utetezi.

Mzozo usiozidi Sh1 milioni waweza pia kufikishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Huko kanuni kali za ushahidi hazifuatwi, madai kinzani yanayotokana na mkataba huruhusiwa, na kesi inatakiwa kuamuliwa katika siku 60. Asiyeridhika hukata rufaa katika Mahakama Kuu, lakini kuhusu masuala ya kisheria pekee.