Ramani Inaweza Kujua Jiwe Litaishia Wapi

Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yakaua wapanda mlima watatu kutoka Marekani. Njia ilifungwa, baadaye ikafunguliwa. Tukio la namna hiyo huitwa ajali, na kwa habari ya saa ni kweli: hakuna awezaye kutaja siku jiwe litakapobanduka. Mahali ni jambo jingine. Mahali panapimika, na ndiyo maana nashikilia kwamba kambi isipigwe mlimani kabla mteremko ulio juu yake haujapimwa.

Upimaji huanza na data za mwinuko. Kompyuta hulinganisha kimo cha kila kipande cha ardhi na cha jirani yake. Palipo na mteremko unaozidi nyuzi 45 hivi huwekewa alama kuwa huenda ndipo mawe yanapong'oka. Kisha hutafutwa yatakapoishia. Watafiti waliopima maporomoko mengi wamegundua kuwa ukianzia ncha ya juu ya rundo la mawe lililo chini ya genge, ukachora mstari unaoshuka kwa takriban nyuzi 27, ni nadra jiwe kuuvuka. Ncha hiyo ikiwa mita 100 juu ya kambi, hatari inafika karibu mita 200 kwa mlalo. Hifadhi ya Yosemite, Marekani, ilitumia hesabu ya aina hii baada ya mawe ya Glacier Point kuviangukia vibanda vya Curry Village Oktoba 2008, ikafunga vingi.

Wapo wanaosema waongozaji na wapagazi wanaujua mlima kuliko kompyuta. Wanaujua, na bila wao ramani hukosea: data za bure zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000 zina vipande vya mita 30, hivyo genge wima la mita 20 laweza kusomeka kama mteremko wa nyuzi 34 tu. Mpagazi hulipita genge hilo na kuliona, pamoja na kovu bichi mwambani. Lakini uzoefu ni wa mlima wa jana, na kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, barafu ambayo hushikilia mawe. Wengine watauliza, ramani isiyotaja siku ina faida gani? Kubwa sana. Anayepita chini ya genge alfajiri, baridi ikiwa bado imeyagandisha mawe, yuko hatarini kwa muda mfupi. Aliyelala hapo, mgeni na mpagazi wake, yuko hatarini usiku kucha. Mahema ndiyo ya kuhamishwa kwanza, hata kama safari ya kesho yake itarefuka.