Je, Wajua? Sokwe wa Rubondo Walitokea Ulaya

Sokwe wa Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, ni uzao wa wahamiaji. Wazee wao waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Wengine walikuwa wamekaa kizimbani miaka mingi. Walifunguliwa milango, wakaingia msituni. Hakuna aliyewafunza kutafuta matunda wala kujenga viota mitini. Walijifunza wenyewe, wakazaana.

Rubondo haina daraja. Mgeni hupanda boti Nkome au Kasenda, akatulia, akatazama ndege. (Mkono usichovye majini: mamba wapo.)

Ukirudi bara, pita soko la Geita ambalo halina nyanya. Lilifunguliwa Machi 2019, la kwanza la madini nchini. Mchimbaji mdogo huingia na dhahabu inayoenea kiganjani. Hupimwa, mrabaha hulipwa, mnunuzi hupatikana, vyote humo humo.

Na anayetoka Mwanza hapandi tena kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 Ziwa Victoria huvukwa hapo juu ya daraja la kilomita 3, kwa dakika chache tu.